Jina Hubaki, Metali Hubadilika: Istilahi za Mapambo Yaliyopunguzwa Dhahabu katika Kiswahili

Ikisiri

Kupanda kwa bei ya dhahabu katika miaka ya karibuni kumewafanya watengenezaji na wauzaji wa mapambo wapunguze dhahabu katika bidhaa zao, au waiache kabisa na kutumia fedha, shaba, chuma kisichoshika kutu na metali nyingine za bei nafuu. Makala hii inaeleza njia nne za mabadiliko hayo: kushusha karati, kupunguza uzito, kufunika metali nyingine kwa dhahabu, na kuacha dhahabu. Inabainisha kuwa kila njia huzaa bidhaa yenye thamani yake, ilhali Kiswahili cha dukani kina majina mawili tu ya kuzitenganisha, “halisi” na “bandia”. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Jumla ya Istilahi, makala inahoji kuwa upungufu huo humwacha mnunuzi bila kinga na humnyima muuzaji mwaminifu neno la kusemea ukweli. Mwishoni inapendekeza istilahi sita zinazoweza kutumika katika lebo, stakabadhi na kanuni za biashara katika nchi za Afrika Mashariki.

Istilahi za msingi: dhahabu, karati, kuchovya, kuvika, lebo, mnunuzi

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu bei ya dhahabu haikuwa jambo la kufuatiliwa kila siku. Tangu mwaka 1934 hadi 1971 serikali ya Marekani iliishikilia katika dola 35 kwa aunsi moja, ambayo ni sawa na takriban gramu 31.1. Baada ya Rais Richard Nixon kufunga dirisha la kubadilishia dola kwa dhahabu mnamo Agosti 1971, bei iliachiwa soko. Mwaka 2011 ilifika takriban dola 1,900. Mwezi Agosti 2020 ilivuka dola 2,000, Machi 2025 ikavuka 3,000, na Oktoba mwaka huohuo ikavuka 4,000.

Mapambo ndiyo yaliyopokea pigo la kwanza. Kwa mujibu wa Baraza la Dhahabu la Dunia, mwaka 2024 mapambo ya dhahabu yaliyonunuliwa duniani yalikuwa na uzito wa tani 1,877, upungufu wa asilimia 11 ukilinganishwa na mwaka uliotangulia. Hata hivyo, fedha zilizotumika kuyanunua ziliongezeka kwa asilimia 9 na kufikia dola bilioni 144. Kwa maneno mengine, wanunuzi walilipa zaidi wakapata kidogo. Katika hali hiyo mwenye duka ana mawili: ama aache kuuza kwa wateja wa kipato cha kawaida, au atafute namna ya kuwapa pambo linalofanana na lile walilolizoea kwa bei wanayoimudu. Wengi wamechagua la pili.

Mabadiliko haya yanawagusa wazungumzaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, na katika miji mingi ya bara, pambo la dhahabu limekuwa zaidi ya urembo. Ni sehemu ya mahari na zawadi za harusi, ni urithi wa mama kwa binti, na ni akiba ambayo mwanamke anaweza kuiweka rehani au kuiuza siku ya shida bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwanamke anayepeleka bangili kwa sonara ili apate karo ya mtoto hauzi urembo, anauza gramu za dhahabu. Iwapo bangili hiyo ni shaba iliyofunikwa kwa dhahabu nyembamba, akiba aliyodhani anayo haikuwapo tangu siku aliyoinunua au kupewa. Aghalabu hugundua hilo siku ile anapoihitaji, na wakati huo duka lililouza huenda halipo tena.

Swali linaloongoza makala hii ni la lugha: je, maneno aliyoambiwa siku ya kununua yalimwezesha kujua anachonunua?

2.0 Msingi wa kinadharia

Makala inaongozwa na Nadharia ya Jumla ya Istilahi, iliyoasisiwa na mhandisi wa Austria, Eugen Wüster (1898–1977). Nadharia hii huanza na dhana kabla ya neno. Mwanaistilahi hubainisha kwanza sifa zinazoitenga dhana moja na nyingine katika uwanja fulani, huzipanga dhana hizo katika mfumo, kisha huipa kila moja jina lake. Lengo ni kuwa dhana moja iwe na istilahi moja, na istilahi moja isibebe dhana mbili.

Lengo hilo limekosolewa kwa kuwa lugha hai haitii sharti kama hilo, na kwa kuwa maneno mengi ya kitaalamu hubadilika maana kulingana na mazungumzo. Ukosoaji huo una uzito. Hata hivyo, kuna mazingira ambamo utata wa istilahi una gharama inayohesabika kwa shilingi na faranga, na biashara ya mapambo ni mojawapo. Kwa sababu hiyo, sehemu ifuatayo inaanza na dhana zenyewe, yaani kile kinachofanyika kwa metali, kabla ya kurejea kwenye majina.

3.0 Njia nne za kupunguza dhahabu

3.1 Kushusha karati

Dhahabu tupu ni laini mno kwa pambo la kuvaliwa kila siku, hivyo huchanganywa na fedha, shaba, zinki au paladiamu. Kipimo cha mchanganyiko huo ni karati, na dhahabu tupu huhesabiwa kuwa karati 24. Karati 22 zina dhahabu sehemu 22 kati ya 24, sawa na asilimia 91.6, na pambo lake hupigwa muhuri wa 916. Karati 18 ni asilimia 75 na muhuri wake ni 750. Karati 14 hupigwa 585, na karati 9 hupigwa 375. Katika karati 9, zaidi ya nusu ya pambo si dhahabu.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini wauzaji huteremka ngazi hii. Pete ya karati 22 yenye gramu 4 ina dhahabu tupu gramu 3.67 hivi. Kwa bei ya dola 1,900 kwa aunsi, dhahabu hiyo ingegharimu takriban dola 224. Kwa bei ya dola 4,000 inagharimu takriban dola 471. Pete ya uzito huohuo ya karati 9 ina gramu 1.5 tu za dhahabu tupu, na hata kwa bei ya dola 4,000 dhahabu yake haizidi dola 193. Muuzaji aliyeteremka hadi karati 9 anaweza kuuza pete kwa bei iliyo chini ya ile ya mwaka 2011.

Historia inatoa mifano miwili ya kulinganisha. Uingereza imekuwa na sheria ya kukagua ubora wa metali za thamani tangu mwaka 1300. Mwaka 1798 sheria iliruhusu karati 18 kando ya karati 22 zilizokuwapo, na mwaka 1854 ikaruhusu karati 15, 12 na 9. Mwaka 1932 karati 14 zilichukua nafasi ya 15 na 12. Karati 9 zilikubalika sana nchini humo, na muhuri ulimwezesha mnunuzi kujua anachokipata. Dhahabu ilipunguzwa, lakini ilipunguzwa kwa jina lake.

India ilipita njia nyingine. Mwezi Januari 1963 serikali ilipiga marufuku utengenezaji wa mapambo yanayozidi karati 14, kwa nia ya kupunguza uingizaji wa dhahabu nchini. Wanunuzi waliyakataa. Kwao pambo lilikuwa akiba kwanza, na akiba ya karati 14 haikuwa akiba waliyoijua. Mafundi wengi walikosa kazi, biashara ya magendo ikashamiri, na sharti hilo likaondolewa mwaka 1966. Mfano huu unawahusu moja kwa moja wasomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa ufundi na desturi ya ununuzi wa dhahabu katika miji yetu umefungamana na jamii zenye asili ya Bara Hindi. Neno “sonara” lenyewe limetoka katika lugha za huko, na ndani yake mna “sona”, yaani dhahabu. Mwaka 2025 India imeongeza karati 9 katika orodha ya viwango vinavyopigwa muhuri rasmi. Safari hii hakuna aliyelazimishwa: ni bei iliyowasogeza wanunuzi huko, na muhuri umewafuata.

3.2 Kupunguza uzito

Njia ya pili huacha karati zilivyo na kupunguza kiasi. Mkufu hutengenezwa kwa pingu zilizo tupu ndani, na bangili hufanywa kuwa mrija mwembamba badala ya fimbo nzito. Mbinu ya kisasa zaidi, iliyoenea China, hutumia umeme kujenga ganda la dhahabu juu ya kiini ambacho huondolewa baadaye, na ganda hilo hufanywa kuwa gumu kiasi cha kuhimili kuvaliwa.

Pambo la namna hii ni dhahabu kweli na muhuri wake ni wa kweli. Hatari yake ni mbili. Macho ya mnunuzi hukadiria uzito kwa ukubwa, na hapo hudanganyika. Pia, ganda likibonyea ni vigumu kwa fundi kulirekebisha. Kinga ya mnunuzi ni mizani na stakabadhi inayotaja gramu.

3.3 Kufunika

Njia ya tatu ndiyo yenye utata mkubwa kwa lugha. Metali ya bei nafuu hutengenezwa pambo, kisha hufunikwa kwa dhahabu. Kuna namna mbili kuu, nazo hazilingani hata kidogo.

Namna ya kwanza ni kuvika. Bamba la dhahabu huunganishwa na bamba la shaba au aloi yake kwa joto na mgandamizo, kisha bamba hilo la tabaka mbili hutumika kutengenezea pambo. Kwa mujibu wa mwongozo wa Kamisheni ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, pambo la aina hii linaloitwa kuwa “limejazwa” dhahabu linatakiwa kuwa na tabaka la dhahabu lisilopungua sehemu moja ya ishirini ya uzito wote. Pambo la gramu 4 lenye tabaka la karati 14 kwa kiwango hicho lina dhahabu tupu gramu 0.117 hivi, yenye thamani ya takriban dola 15 kwa bei ya dola 4,000 kwa aunsi. Likitunzwa, hudumu miaka mingi.

Namna ya pili ni kuchovya kwa umeme. Pambo hutumbukizwa katika kimiminika chenye chumvi za dhahabu na kupitishiwa mkondo wa umeme, na chembe za dhahabu hujishikiza juu yake. Biashara ya uchovyaji ilipata nguvu baada ya George na Henry Elkington wa Birmingham kupata hataza mwaka 1840. Uzuri wa mbinu hii kwa mtengenezaji, na hatari yake kwa mnunuzi, ni kwamba unene wa tabaka hauna kikomo cha chini isipokuwa kile kilichowekwa na sheria. Mwongozo uliotajwa wa Marekani unataka mikroni 0.175 kwa mchovyo wa kawaida na mikroni 2.5 kwa mchovyo mzito. Mikroni 2.5 ndizo pia zinazotakiwa kwa pambo la fedha lililochovywa dhahabu, ambalo sharti liwe na kiini cha fedha ya 925.

Chukua pete yenye eneo la juu la sentimita 4 za mraba. Mchovyo wa mikroni 0.175 juu yake una dhahabu takriban miligramu 1.35. Kwa bei ya dola 4,000 kwa aunsi, dhahabu hiyo ina thamani ya senti 17 za dola. Mchovyo wa mikroni 2.5 una miligramu 19 hivi, zenye thamani ya karibu dola 2.50. Pete ya karati 22 ya gramu 4 ilikuwa na dhahabu ya dola 471. Pete hizi zote zinaweza kuwekwa katika kabati moja la kioo, chini ya taa moja, na macho ya kawaida yasizitofautishe.

Mchovyo mwembamba huchakaa kwa jasho, sabuni, manukato na msuguano. Shaba iliyo chini hujitokeza, hubadilika rangi na kuacha alama ya kijani katika ngozi. Hata vipimo vya fundi vinaweza kukosea. Sonara anayesugua pambo juu ya jiwe la kupimia na kudondosha asidi hupata jibu la tabaka la juu tu iwapo hakukwaruza kwa kina. Mashine zinazotumia miale nazo husoma hasa sehemu ya juu. Kupima uzani majini husaidia zaidi, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3 na ile ya mchanganyiko wa shaba na zinki ina takriban gramu 8.5. Lakini kipimo hicho nacho hushindwa mbele ya tangisteni, ambayo uzani wake unakaribia sana ule wa dhahabu.

3.4 Kuacha dhahabu

Njia ya nne ni kuachana na dhahabu kabisa. Fedha ya 925, yenye fedha asilimia 92.5, ndiyo mbadala wa zamani zaidi, na katika mwambao wetu si mgeni. Katika karne ya 19 sarafu za Maria Theresa, zenye tarehe ya 1780 na fedha asilimia 83 hivi, zilitumika Zanzibar na sehemu nyingine za mwambao. Zilikuwa fedha kwa maana zote mbili za neno: zilinunua bidhaa, na wafua fedha waliziyeyusha kutengeneza kekee, mitali na vidani. Kurejea kwa fedha katika maduka ya leo, kwa hiyo, kunafufua desturi ambayo dhahabu iliifunika.

Metali nyingine ni ngeni zaidi. Chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu na nikeli, kimekuwa malighafi ya mikufu, saa na bangili nyingi. Titaniamu na kabidi ya tangisteni zimepata soko hasa katika pete za wanaume. Hapa kuna sababu ya ziada kwa jamii za Kiislamu: kwa kuwa mwanamume Mwislamu hukatazwa kuvaa dhahabu, pete isiyo ya dhahabu kwake ni chaguo la kwanza, si la dharura. Metali hizi hazina udanganyifu zinapouzwa kwa rangi na jina lake. Udanganyifu huanza zinapopakwa rangi ya manjano na kuachwa bila jina.

4.0 Upungufu wa majina

Uchambuzi uliotangulia umebainisha angalau dhana sita: dhahabu tupu, dhahabu ya karati za chini, dhahabu iliyo tupu ndani, metali iliyovikwa dhahabu, metali iliyochovywa dhahabu, na metali yenye rangi ya dhahabu isiyo na dhahabu yoyote. Kiswahili cha dukani huzikabili dhana hizi kwa silaha hafifu. Sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni ya kisarufi. Kihusishi cha a-unganifu hubeba uhusiano wa aina nyingi bila kuutaja. Katika “nyumba ya mawe” hudokeza malighafi, katika “nguo ya rangi” hudokeza sifa, na katika “kikombe cha chai” hudokeza matumizi. Kwa hiyo “mkufu wa dhahabu” unaweza kueleweka kuwa ni mkufu uliotengenezwa kwa dhahabu, wenye dhahabu juu yake, au wenye rangi ya dhahabu. Muuzaji anayesema “huu ni wa dhahabu” kuhusu mkufu uliochovywa anaweza kujitetea kwamba hakusema uongo. Sarufi imempa pa kujificha.

Ya pili ni ya kileksika. Majina ya metali yenyewe yana maana pana. “Shaba” ni metali inayochimbwa Katanga, jimbo lililowahi kuitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997; ni pia mchanganyiko wa shaba na bati, ambao jina lake hupewa medali ya mshindi wa tatu; na ni mchanganyiko wa shaba na zinki, ambao kwa manjano yake ndio hasa unaofanana na dhahabu. “Fedha” ni metali na ni pesa. Katika mitaa mingi neno “silva” hutumika kutaja rangi yoyote nyeupe inayong'aa, iwe ni fedha, chuma au nikeli. Mnunuzi anayeambiwa pete ni “silva” hajaambiwa chochote kuhusu metali yake.

Ya tatu, na iliyo nzito kuliko zote, ni ya kithamani. Lugha ya dukani ina jozi moja ya kupambanua: “halisi” na “bandia”. Jozi hii haitoshi. Pete ya karati 9 ni halisi, na ya karati 22 ni halisi, ingawa ya kwanza ina dhahabu pungufu ya nusu ya ile ya pili. Upande wa pili, fedha ya 925 iliyochovywa kwa mikroni 2.5 na kuuzwa kwa bei yake si bandia, kwa kuwa haikujifanya kuwa kitu kingine. Neno “bandia” lina lawama ndani yake. Hakuna mfanyabiashara atakayeandika juu ya kabati lake kwamba anauza bandia, hata kama anakusudia kusema ukweli. Akikosa neno la heshima la kuita bidhaa duni, huikopea bidhaa hiyo jina la ile bora. Kwa namna hii pengo la istilahi humsukuma hata mwaminifu kuelekea kwenye kauli ya uongo, na humpa tapeli kichaka cha kujifichia.

Hatari ya jina la bidhaa nafuu kugeuka tusi si ya Kiswahili pekee. Katika karne ya 18, mtengeneza saa wa London, Christopher Pinchbeck, alijulikana kwa aloi ya shaba na zinki iliyofanana na dhahabu. Jina lake likawa jina la aloi hiyo. Baadaye neno hilohilo likaja kutumika katika Kiingereza kwa maana ya kitu cha bandia kisicho na thamani. Funzo ni kwamba istilahi inayotokana na jina la mtu, mji au nchi hubeba sifa za wenyewe na huharibika nao. Ndivyo inavyoweza kutokea kwa mtindo wa kuita mapambo kwa mahali yanakotoka, kana kwamba mahali ni kipimo cha ubora. Istilahi inayoeleza kilichofanywa kwa metali huwa salama zaidi.

5.0 Athari za upungufu huo

Athari ya kwanza ni ya kiuchumi, na imekwishadokezwa: akiba isiyokuwapo. Athari hii huangukia zaidi wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaopewa mapambo wakati wa harusi na ndio wanaoyatumia kama benki yao. Iwapo mahari imetajwa kuwa “seti ya dhahabu” bila karati wala gramu, hakuna kipimo cha kuidai inapokuja tofauti. Ahadi isiyopimika haidaiki.

Athari ya pili ni ya kidini. Kiwango cha dhahabu kinachowajibisha zaka huhesabiwa kuwa takriban gramu 85 za dhahabu tupu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mapambo ya mwanamke yanayovaliwa kwa kiasi cha kawaida hayatolewi zaka, ilhali madhehebu ya Hanafi huyahesabu. Kwa anayehesabu, na kwa anayeweka dhahabu kama akiba, idadi ya karati ndiyo inayoamua. Gramu 100 za karati 22 zina dhahabu tupu zaidi ya gramu 91 na zinavuka kiwango. Gramu 100 za karati 18 zina gramu 75 na hazikifikii. Vilevile, kubadilishana dhahabu ya zamani kwa mpya kuna masharti ya usawa wa uzito yanayomtaka kila upande ujue kilichomo mkononi. Asiyeelezwa hawezi kutekeleza.

Athari ya tatu ni ya kiafya. Nikeli, inayotumika katika baadhi ya aloi na chini ya michovyo, husababisha mwasho na vipele kwa watu wengi, hasa kwenye tundu la sikio. Umoja wa Ulaya umeweka mipaka ya kiasi cha nikeli kinachoruhusiwa kutoka katika pambo, na umezuia mapambo yenye kadimiamu inayozidi asilimia 0.01 au risasi inayozidi asilimia 0.05 ya uzito. Metali hizi mbili ni sumu, na hatari yake ni kubwa kwa watoto wanaotia vipuli na vidani kinywani. Neno “mchanganyiko”, linaloandikwa katika baadhi ya bidhaa, halimwambii mzazi lolote kati ya haya.

6.0 Istilahi zinazopendekezwa

Kwa kufuata mfumo wa dhana uliojengwa katika sehemu ya tatu, istilahi zifuatazo zinapendekezwa. Zimeundwa kwa maneno ambayo wazungumzaji wanayo tayari, na kila moja inataja kilichofanywa kwa metali bila kulaumu wala kusifu.

(a) Dhahabu tupu: dhahabu ya karati 24.

(b) Dhahabu ya karati fulani: aloi ya dhahabu, na idadi ya karati itajwe daima. Neno “dhahabu” lisisimame peke yake katika stakabadhi.

(c) Dhahabu ya ganda: pambo la dhahabu lililo wazi ndani, likitajwa pamoja na gramu zake.

(d) -liyovikwa dhahabu: metali iliyounganishwa na bamba la dhahabu, kama katika “mkufu wa shaba uliovikwa dhahabu”.

(e) -liyochovywa dhahabu: metali iliyofunikwa kwa umeme, unene ukitajwa kwa mikroni, kama katika “pete ya fedha iliyochovywa dhahabu, mikroni 2.5”.

(f) -enye rangi ya dhahabu: pambo lisilo na dhahabu yoyote, kama katika “bangili ya chuma yenye rangi ya dhahabu”.

Katika (d), (e) na (f), metali ya ndani hutangulia na dhahabu hufuata. Mpangilio huu ni wa makusudi. Katika kirai nomino cha Kiswahili, kivumishi cha a-unganifu kilicho karibu zaidi na nomino ndicho kinachopokewa kwanza na msikilizaji. Anayeambiwa “pete ya shaba iliyochovywa dhahabu” ameambiwa kwanza kuwa ananunua shaba. Tofauti ya “kuvika” na “kuchovya” nayo tayari imo katika lugha: kinachovikwa hupewa vazi lenye unene wake, na kinachochovywa hutoka na kile kilichokishika tu. Kwa upande wa “shaba”, inafaa istilahi za metali zenyewe zitenganishwe kwa kutaja mchanganyiko, yaani “shaba ya zinki” na “shaba ya bati”, ili “shaba” pekee ibaki kuwa ile inayochimbwa.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kuwa kuondoka kwa dhahabu katika mapambo ya rejareja ni jambo lenye hatua nyingi, na kwamba katika kila hatua jina la dhahabu huelekea kubaki hata metali inapokuwa imebadilika. Si vibaya kuuza au kuvaa metali nafuu. Uingereza ya karne ya 19 ilizoea karati 9 na wafua fedha wa mwambao walitengeneza vidani vilivyothaminiwa bila dhahabu. Kibaya ni kuuziwa kitu kimoja kwa jina la kingine.

Muhuri na mizani ni kazi ya mashirika ya viwango, lakini muhuri wa tarakimu humfaa tu mnunuzi anayeweza kuusoma, na stakabadhi humfaa ikiwa imeandikwa kwa lugha anayoielewa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinauziana bidhaa hizi kila siku, na pambo lililonunuliwa Dar es Salaam huenda likauzwa Kampala, Kigali au Bujumbura. Kiswahili ndiyo lugha inayoweza kusafiri nalo. Inapendekezwa kuwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama na mashirika ya viwango yashirikiane kusanifisha istilahi za uwanja huu, na kuzifanya sharti katika lebo na stakabadhi za mapambo. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu majina ambayo masonara na wateja wanayatumia katika miji mbalimbali, kwa kuwa huenda baadhi ya istilahi bora zaidi tayari zimo vinywani mwao. Hadi hapo, mnunuzi ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kulipa, nayo majibu yake yaandikwe: karati ngapi, gramu ngapi, na ndani mna nini.